Mita Ishirini za Mwisho
(Hotuba ya Kamati ya Elimu na Michezo katika mkutano wa mwaka wa chama chetu)

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana mliopanda matatu alfajiri kutoka Mombasa na nyinyi mliosafiri usiku kucha kutoka Nairobi, hamjambo. Na watoto wetu mlioko ng'ambo, mtakaoyasoma maneno haya ndani ya kijitabu bila kuonja pilau, twawasalimu pia. Mwenyekiti ametupa robo saa na ametukumbusha kwamba sufuria zimeshaepuliwa. Tutajitahidi.

Mwaka jana, papa hapa chini ya turubai, mzee wetu mmoja alisimama akatuuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa la choo cha wasichana: mbona hakijaisha, na nyinyi mwataka kuchonga njia ya kukimbilia watoto? La pili alilisema huku akicheka: "Hivi sisi watu wa Pwani tumekimbia lini? Mbio ni za watu wa milimani." Mkutano mzima ulicheka, na sisi wa kamati tukacheka pia kwa sababu hatukuwa na jibu.

Choo kimekamilika, na hesabu yake mtaiona kwenye ukurasa wa mweka hazina hadi misumari. Kwa hiyo leo tumerudi na jibu la swali la pili. Tulikwenda tukasoma, tukauliza, na tuliyoyapata yalitutia aibu kidogo, maana ni mambo ya mlangoni petu.

Mzee wetu, Mpwani amekimbia. Amekimbia kabla ya hao wa milimani hawajajulikana.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1937, akaitwa Seraphino Antao, wazazi wake wakiwa na asili ya Goa. Alikulia mjini, akanolewa hapo hapo kisiwani na kocha Ray Batchelor. Mwaka 1958 alikuwa Cardiff kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, na mwaka 1960 alikuwa Roma kwenye Olimpiki. Hakurudi na medali, lakini alirudi akijua wakubwa wanakimbiaje. Kisha Novemba 1962 akaenda Perth, Australia.

Michezo ile ya Perth watu waliikumbuka kwa joto. Wachezaji kutoka nchi za baridi waliteseka. Lakini joto gani litamtisha mtoto wa Mombasa? Antao alishinda yadi 100 kwa sekunde 9.5, kisha akashinda yadi 220. Medali mbili za dhahabu. Katika ile fainali ya yadi 100 alikuwamo Harry Jerome wa Kanada, mmoja wa walioshikilia rekodi ya dunia wakati huo. Jerome aliumia vibaya paja. Hata hivyo mstari wa mwisho haumngoji mtu, na aliyeuvuka wa kwanza alikuwa wetu.

Hizo ndizo dhahabu za kwanza za Kenya kwenye michezo mikubwa ya kimataifa, na nchi ilikuwa bado haijapata uhuru. Na kuna jambo dogo tunalolipenda sana. Kwenye timu ile ile ya Perth alikuwamo kijana mmoja ambaye ndiyo kwanza alikuwa akitoka nje kushindana. Katika mbio za maili tatu alimaliza wa 11. Jina lake Kipchoge Keino. Kwa hiyo mwaka 1962 mtu angeuliza Wakenya ni mahodari wa mbio gani, jibu la kweli lingekuwa: mbio fupi, na nendeni mkawatafute Mombasa.

Miaka miwili baadaye, Tokyo, Kenya iliingia uwanja wa Olimpiki kwa mara ya kwanza ikiwa nchi huru, na aliyebeba bendera mbele ya kikosi alikuwa Antao. Mbio zake huko hazikwenda vizuri. Medali ya michezo ile, shaba ya mita 800, ililetwa na Wilson Kiprugut, na ndiyo medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Kisha akaja Keino na wenzake, na mengine mnayajua. Nchi iligeuza shingo ikaangalia milimani, ikasahau kurudisha macho chini. Hatusemi hivi kwa wivu. Zile dhahabu za mbio ndefu ni zetu sote na tulizishangilia mbele ya televisheni moja ya kijiji. Lakini kocha huenda palipo na medali, na fedha humfuata kocha, na mtoto mwenye kasi aliyezaliwa mahali tambarare penye joto hubaki akikimbiza mbuzi.

Antao alihamia Uingereza, na alifariki London mwaka 2011. Hakuwahi kumwona Mkenya mwingine akiichukua dhahabu ile ya mbio fupi ya Jumuiya ya Madola. Ilichukua miaka 60. Na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu huyo aliyeichukua baada ya miaka 60 ana mambo matatu ya kutufundisha sisi tunaochanga.

Mnamjua. Ferdinand Omanyala, mzaliwa wa magharibi, mwaka 1996. Wengine mwajua ile picha yake akipiga kifua tu. Huyu hakuanza na riadha, alikuwa mchezaji wa raga. Alikuwa mwanafunzi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanza kukimbia mita 100, umri ambao wakimbiaji wengi wa dunia wa mbio hizo wameshanolewa miaka mingi. Kwa hiyo alikuja kwa kuchelewa, kwenye nchi ambayo mtu akisema yeye ni mkimbiaji huulizwa marathoni gani.

Funzo la kwanza ni la sindano. Mwaka 2017 aliumia mgongo, akaenda kutibiwa, akadungwa sindano ya kutuliza maumivu. Ndani ya sindano ile mlikuwa na dawa iitwayo betamethasoni, ambayo imo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa kwa wanamichezo. Alipopimwa ikaonekana, akafungiwa miezi 14. Mwanafunzi wa kemia, jamani! Kama yeye aliyesomea madawa lilimpata hilo, atapona nani kati ya watoto wetu, ambao mama zao huwatibu kwa kidonge chochote cha dukani kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari? Hatuyasemi haya kumchafua. Alimaliza adhabu yake, akarudi, na hajaficha jambo hilo. Twasema kwa sababu hakuna mtu aliyetuambia sisi wazazi kwamba mtoto anayeshindana anapaswa kumwambia daktari, kabla ya kukunja mkono wa shati, kwamba yeye ni mwanamichezo. Muuguzi wetu mmoja mstaafu, aliyeketi pale nyuma na hataki tumtaje, amekubali kuja shuleni kila muhula kuwaeleza watoto na walimu. Hataki malipo. Ameomba nauli ya bodaboda na chai.

Funzo la pili ni la upana wa kiganja. Mwaka 2021 Omanyala alikwenda Olimpiki ya Tokyo akafika nusu fainali ya mita 100, akakimbia kwa sekunde 10.00. Agosti huko Austria akashuka hadi 9.86. Halafu tarehe 18 Septemba, Kasarani, nyumbani, akakimbia kwa sekunde 9.77. Ilikuwa rekodi mpya ya Afrika; ya zamani, 9.84 ya Akani Simbine wa Afrika Kusini, ilikuwa haijatimiza hata miezi mitatu. Na je, alishinda? La. Alikuwa wa pili. Trayvon Bromell wa Marekani alikimbia kwa 9.76.

Sehemu moja ya mia ya sekunde. Vijana wetu wa kamati walipiga hesabu. Mtu anayekimbia mita 100 kwa muda huo hukata zaidi ya mita kumi kila sekunde, hivyo sehemu moja ya mia ni kama sentimita kumi. Upana wa kiganja, wazee. Mtu amezaliwa, amelelewa, amekosea, amefungiwa, amerudi, amekimbia kuliko Mwafrika yeyote aliyemtangulia, na tofauti yake na mshindi ni upana wa kiganja.

Tusidanganyane: hewa ya Nairobi ni nyembamba kwa sababu ya mwinuko, na humsaidia kidogo mtu wa mbio fupi. Ndiyo maana kuna watakaosema hayo ni mambo ya milimani tena. Lakini mwezi Julai 2023 alishinda Monaco kwa sekunde 9.92 mbele ya wakubwa wa dunia, na Monaco ni mji wa ufukweni, mawimbi chini ya ukuta, kama sisi. Mbio fupi hazidai mlima. Zadai ardhi iliyonyooka.

Funzo la tatu ni la karatasi. Julai 2022 mashindano ya dunia yalikuwa Eugene, Marekani. Visa yake ilichelewa. Siku zilikwenda, wenzake wameshafika na kulala na kuzoea saa za huko, yeye bado yuko Nairobi akingoja muhuri. Alipoipata alipanda ndege, na alifika Eugene saa chache tu kabla ya mbio zake za kwanza. Mtu ametoka kukunjwa miguu kwenye kiti cha ndege, anaambiwa vaa njumu. Alikimbia kwa 10.10 akapita, lakini nusu fainali akatoka. Baada ya majuma yasiyotimia matatu, tarehe 3 Agosti, akiwa amelala na kula kama binadamu, akasimama Birmingham kwenye fainali ya Jumuiya ya Madola na akaichukua dhahabu ya mita 100 kwa sekunde 10.02. Simbine alikuwa wa pili. Ile ile dhahabu ya mtoto wa Mombasa, miaka 60 baadaye. Mtu ni mmoja, miguu ni ile ile.

Sasa sisi visa bado hatujafikia. Sisi tuna cheti cha kuzaliwa. Mwaka juzi watoto wawili wa shule yetu, mvulana wa mbio na msichana wa kuruka juu, walirudishwa siku ya mashindano kwa sababu hawakuwa na vyeti vya kuonyesha umri. Walikuwa wameshavaa jezi. Hatumlaumu aliyewarudisha, kanuni ni kanuni. Wa kulaumiwa tumeketi hapa. Tulizaa, tukafurahi, tukachinja, tukaahirisha cheti. Mwaka huu katibu wetu amepita nyumba kwa nyumba na daftari, na watoto 31 wameshaombewa vyeti. Bado wengine. Mkiondoka hapa mpitieni pale kwenye meza yenye kitambaa cha kijani.

Na sasa tuje kwenye mwembe.

Nyote mwaujua uwanja wa shule yetu. Wengi wenu mmeucheza. Unaanza juu karibu na jiko la shule na unateremka kuelekea mikokoni. Mpira ukipigwa vibaya huokotwa na wavuvi. Fundi wetu aliupima kwa mpira wa maji, akakuta toka juu hadi chini unashuka kimo cha mtu mzima na ziada. Kanuni za riadha zinasema njia ya mita 100 isishuke zaidi ya sentimita kumi toka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo miaka yote hii mwalimu anapotupigia simu kwamba mtoto fulani ana kasi ya ajabu, ni kasi ya mteremko. Twafika kwenye mashindano ya kaunti, uwanja ni sawasawa, na kasi yetu imebaki nyumbani.

Lakini mteremko si ubaya wake mkubwa. Ubaya ni kwamba baada ya hatua kama themanini unakutana na mwembe. Ule mwembe mkubwa. Mwalimu hufunga utepe hatua chache tu mbele ya shina, na mtoto akienda kwa nguvu zake zote ataukumbatia. Basi watoto wetu wamejifunza, bila kufundishwa na mtu, kuanza kufunga breki kabla ya kufika.

Mwaka huu tulikuwa na msichana wa kidato cha pili ambaye hatutamtaja jina, maana mama yake yuko hapa na tumemwomba ruhusa ya kusimulia tu. Alifika hadi mashindano ya ukanda. Baadhi yetu tulikwenda kumwona, kwa matatu ya kukodi, tukiwa na vuvuzela moja iliyopasuka. Mlio wa bastola ulimshtua, kwa sababu shuleni mwalimu huanzisha mbio kwa kugonganisha mbao mbili. Akachelewa kuondoka. Lakini alipoinuka, jamani, aliwameza mmoja baada ya mwingine. Mita hamsini, yuko wa tatu. Mita sabini, yuko mbele. Tumesimama juu ya viti. Mita themanini akanyanyua kidevu, akarudisha mabega nyuma, akaanza kusimama. Hakuchoka. Hakuumia. Miguu yake ilikumbuka mwembe ambao haukuwapo.

Alikuwa wa nne. Watatu wa kwanza ndio waliokwenda mbele.

Kocha mmoja wa shule nyingine alitujia, akatueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Katika mita 100 hata mabingwa wa dunia hawaongezi kasi hadi mwisho. Hufikia kasi yao kubwa kabisa katikati, mita hamsini, sitini hivi, na baada ya hapo kila mtu anapungua. Yule tunayemwona kwenye televisheni kama anawaacha wenzake mwishoni, kwa kweli ndiye anayepungua kidogo kuliko wao. Mita ishirini za mwisho ni kazi ya kukataa kupungua, na hiyo hufunzwa kwa kukimbia mita 100 kamili, tena na tena, na kupita utepe bila hofu. Msichana wetu hajawahi kuikimbia mita 100 nyumbani kwao hata siku moja.

Njiani kurudi alikaa dirishani hakusema neno. Mtu alimnunulia soda, akaishika mkononi mpaka ikapata moto.

Tunajua swali linalokuja: si muukate huo mwembe? Tulilijadili, na tuliwasikia wazee. Mwembe ule ulipandwa na mwalimu mkuu wa kwanza, madarasa ya mwanzo yalisomewa chini yake, na kuna watu hapa walioandikia herufi zao za kwanza kwenye mchanga wa kivuli kile. Hautakatwa. Aidha, kuukata hakuondoi mteremko.

Badala yake, familia moja jirani na shule imetoa ardhi, ukanda mrefu kando ya barabara, palipokuwa na mikorosho ya zamani iliyokufa. Hati ya makubaliano imeandikwa mbele ya chifu. Ukanda huo karibu uko sawa wenyewe. Urefu wake watosha mita 130: mita 100 za kukimbia, nafasi ndogo nyuma ya mstari wa kuondokea, na 25 za mwisho za mtoto kupunguza mwendo akiwa ameshapita. Njia sita, kila moja mita 1.22 kama kanuni inavyotaka. Hatuombi tartani. Tunaomba kifusi, greda kwa siku mbili, mtaro wa kuondoa maji upande wa juu, jozi sita za vile vyuma vya kukanyagia wakati wa kuondoka, na filimbi ya mlio mkali ili watoto wazoee kushtuliwa. Bei za kila kitu ziko ukurasa wa mweka hazina, chini ya zile za choo. Mawe ya mtaro yameshachangwa na vijana wa bodaboda.

Familia iliyotoa ardhi imeweka sharti moja, nalo ni la haki: kazi ianze kabla ya masika. Ikipita masika bila kazi, watalima, na hatutakuwa na neno la kusema.

Ahadi zenu zitaandikwa na mama aliyeketi karibu na mlango wa turubai, na za walioko mbali zitapokelewa na mweka hazina hadi mwisho wa mwezi. Anayetaka kutoa siku ya kazi badala ya fedha aandikishe pia, tunahitaji majembe. Msichana wetu yuko kidato cha tatu mwakani. Baada ya chakula tutatembea pamoja kwenye ukanda wenyewe. Kamba imeshafungwa toka kigingi cha mwanzo hadi cha mwisho, na watoto wamekatazwa kuigusa, ingawa tangu asubuhi tumewaona wakikimbia kando yake. Mje na viatu vya kutembelea, kuna miiba.